Kwa Wahusika Wote

"—kwa sababu ndivyo nilivyoandika miaka kumi na tisa, Mzee Kihwele, 'Kwa wahusika wote', na hakuna siku—"

"Sijasema hukuandika! Nauliza imekwenda wapi, barua yenye sahihi yangu mimi—"

"—hakuna siku hata moja barua yangu imepotea, hata enzi za makaratasi, hata ile wiki mbwa—"

"Mbwa gani tena?"

"—mbwa wa mlinzi alikula bahasha nzima, na bado mchana ule ule nikapiga nyingine!"

"Bi. Sikitu! Chuo kina watu elfu tisa! Kwa nini asubuhi hii kantini nzima inaongelea mpira?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na karafuu kwenye jino. Nilikuwa nimeitwa kama fundi wa barua, lakini nani ataingia kati ya Msajili wa chuo na karani wake mkuu wakati wote wawili wamesimama? Nikangoja. Jino lilikuwa linanipiga mpaka kwenye sikio, siku ya tano sasa.

"Huyu hapa," Bi. Sikitu akaninyooshea kidole. "Luteni, mwanangu, mwambie mzee. Barua nilimpa Mshenga jana saa nne asubuhi. Si nilimpa?"

Jina langu ni Lutengano Sanga. Luteni ni yeye tu anayeniita, na hapa Kitulanda hakuna jeshi hata la sungusungu.

"Ulimpa, mama," nikasema. "Niliiona ikipita."

"Ikapita ikaenda wapi?" Msajili akashika kola yake, akanionyesha kishikizo kana kwamba mimi ndiye niliyekishona. "Hiki ni baridi tangu jana. Mimi niliyesaini sijapata barua yangu mwenyewe. Naingia kantini natarajia watu wamevimba, barua inasema mtihani wa takwimu umevuja, nakuta mtu ananiuliza penalti ilikuwa halali au si halali."

Kishikizo kila mtu anacho. Barua ikija kinapata joto, unakigusa, kinakusomea sikioni. Bibi yangu peke yake ndiye bado ana simu ya kioo, na anaitumia kufunikia mtungi.

"Tumuulize mwenyewe," nikasema, nikagusa cha kwangu. "Mshenga, uko hapa?"

"Hodi," sauti ikatoka kwenye dari, pole kabisa, sauti ya mtu aliyevua viatu mlangoni. "Shikamoo Msajili. Shikamoo mama. Nimetumwa, nimefika."

Mshenga ni chombo chetu kipya cha kupeleka barua, na waliomtengeneza walimpa adabu zote za washenga. Ukikasirika anakupigia magoti kwa maneno. Alikuwa wiki ya tatu ya majaribio, na siku hiyo saa nane mchana kamati ilikuwa ikae kuamua kama tumchukue moja kwa moja au turudi kwenye chombo chetu cha zamani.

"Barua ya jana," Msajili akasema, "umeipeleka kwa nani?"

"Kwa wahusika wote, Msajili, kama nilivyoagizwa."

"Wangapi?"

"Ishirini na watatu. Wote wamepokea. Wote wamesoma isipokuwa mmoja. Kumi na saba wamesoma zaidi ya mara tano."

Hapo ugomvi ukafa kama umemwagiwa maji.

Unajua, "Kwa wahusika wote" kwetu sisi si maneno. Ni kama kikohozi kabla ya hotuba. Karani anaiandika juu kabla hata hajajua barua inahusu nini: choo cha bweni kimeziba, kwa wahusika wote; mbuzi wameingia bustanini, kwa wahusika wote. Maana yake ni "jamani eeh." Lakini Mshenga hakukulia kwenye ofisi zetu. Yeye aliambiwa wahusika, akaenda kuwatafuta wahusika.

Msajili akakaa taratibu. Nikaona uso wake unabadilika, na sikuupenda ulikokuwa unaelekea. Alikuwa anatabasamu.

"Sanga," akasema, "niletee hao ishirini na watatu."

Bi. Sikitu alikuwa amegeukia dirishani. Mkono mmoja alikuwa ameuweka kwenye kola, kama mtu anayesikia baridi.

*

Sasa ngoja niwaambie tatizo. Daftari la Mshenga, lile linaloandika nani kapelekewa nini, haliwezi kufunguliwa na Msajili. Wala mkuu wa chuo. Linafunguliwa na fundi peke yake, kwa kazi moja: kutengeneza barua iliyopotea. Na ili lifunguke, mtuma barua lazima ajaze fomu ya hitilafu.

"Lete fomu," Msajili akasema.

Nikamletea. Mahali pa kueleza hitilafu akaandika kwa mkono wake: *Barua iliyokusudiwa kufika kwa wanachuo na wafanyakazi wote haikuwafikia.* Akasaini, akapiga muhuri, akaongeza na tarehe chini ya muhuri wenye tarehe.

"Ukishafungua," akasema, "kabla hujatengeneza chochote, nataka karatasi yenye majina. Mezani kwangu, kabla ya kamati."

"Mzee, kanuni inasema—"

"Naijua kanuni, niliipitisha mimi. Kaa." Nikakaa. "Mwaka juzi tulimpa mtu cheti cha takwimu. Mtihani aliununua, tukaja kujua baadaye. Leo yuko hospitali ya wilaya moja, jina silitaji, anakadiria dawa zinazohitajika kwa mwaka. Unajua walikaa miezi mingapi bila dawa za watoto? Mimi sitafuti majina kwa kujifurahisha, Sanga."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Lingekuwa uongo ningepata usingizi.

Kisha akavuta droo, akatoa faili la njano, akaliweka mezani bila kulifungua. Nililijua. Nililiandika mimi: ombi la kurudi kumaliza mwaka wa tatu. Lilikuwa kwake tangu mwezi wa pili.

"Nilikuwa nafikiria kulisaini leo," akasema.

Mwaka wa tatu niliuacha kwa sababu ya soksi. Niliingia kwenye Orodha, chombo chetu cha zamani, nikatuma kwa chuo kizima: *Yah: Ukaguzi wa Soksi. Kila mmoja afike ukumbini na soksi zake mbili mkononi.* Huku Kitulanda kuna baridi ya kung'ata, nikajua soksi hazikosekani. Walikuja watu elfu nne. Maprofesa wawili walipanga mstari. Mmoja alikuwa na soksi moja, akaomba radhi kwa maandishi. Mimi nikafukuzwa, na Daktari Mlelwa wa kitengo cha barua akaniajiri wiki iliyofuata, akisema mtu aliyepita dirishani ndiye anayejua ni dirisha gani halifungi.

"Kabla ya kamati," Msajili akarudia, akaweka kiganja juu ya faili.

*

Chumba chetu cha mitambo kina dirisha moja na maandishi ukutani, mwandiko wa Daktari Mlelwa: KIJIKO CHA DAGAA HAKIKOROGI CHAI. Wageni wanadhani ni tangazo la kantini. Kumbe ndiyo kanuni yetu nzima. Taarifa za watu ulizochukua kwa kazi moja, usizichovye kwenye kazi nyingine.

Nikafunga mlango. Nikaweka fomu kwenye mashine, ikasoma muhuri, daftari likafunguka.

Majina ishirini na matatu, yamepangwa kwa nambari. Nilikuwa nimejiahidi kupita haraka haraka, jicho nusu. Lakini jicho halina adabu. Wanafunzi kumi na wanane, wengine siwajui. Mhadhiri mmoja. Mlinzi wa maktaba. Mpishi, eti mpishi! Nambari kumi na nne: Sikitu Mgaya.

Nambari ishirini na mbili: Lutengano Sanga.

Karafuu ikanitoka mdomoni.

Kishikizo changu nilikuwa nimekivua tangu juzi, maana kola ilikuwa inanigusa shavu lenye jino. Kilikuwa kwenye mfuko wa koti, nikakigusa asubuhi ile tu kumwita Mshenga, haraka, bila kukisikiliza. Kumbe barua ilinijia. Nimekaa nayo mfukoni siku nzima bila kujua mimi ni mhusika.

Daftari lina majina tu. Sababu haliandiki. Sababu anayo Mshenga mwenyewe, na anampa mtu sababu yake mwenyewe peke yake, si ya jirani. Wiki tatu hizo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiomba. Nani anajua kwamba kuna kitu cha kuomba?

"Mshenga," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "mimi nimo kwa nini?"

"Asante kwa kuuliza, kaka Lutengano," akasema. "Uliwahi kutuma barua ya uongo kwa chuo kizima. Unajua milango ya mitambo. Tangu Jumatatu kicheko chako kimepungua kwa sehemu tatu kati ya nne. Umeonekana ukishika uso mara nyingi, kama mtu mwenye mawazo. Na siku tatu mfululizo umekula chakula cha mchana na nambari kumi na nne, mkiongea kwa sauti ya chini."

"Nina jino!"

"Pole sana."

"Naumwa jino, ndiyo maana sicheki! Na naongea chini kwa sababu nikifungua mdomo upepo unaingia!"

"Pole sana, kaka. Nitaliandika."

Yaani hivyo ndivyo alivyo. Orodha, chombo cha zamani, hakijui kitu. Unajiandikisha mwenyewe, unajitoa mwenyewe, kila kundi lina msimamizi wa kubebeshwa lawama. Marehemu Profesa Ngole bado anapelekewa matangazo ya mazoezi ya viungo, miaka sita sasa. Ni kijinga, lakini ni ujinga wa mtu unayemjua. Mshenga yeye hana orodha yoyote. Kila barua ikija anatengeneza kundi jipya palepale. Anapima umesoma nini, mlango gani umekufungukia, umekula na nani, umecheka mara ngapi, halafu anasema: hawa ndio. Na hakosei moja kwa moja. Hilo ndilo baya. Kati ya wale ishirini na watatu, mwizi wa mtihani yumo, naapa. Lakini yumo na mwenye jino. Na kuna mmoja zaidi: barua ya Msajili ilikuwa imeanza na maneno *kufuatia taarifa iliyowekwa kwenye sanduku la siri*. Aliyeiweka taarifa ile, si naye ni mhusika? Kuliko wote! Nikipeleka karatasi ile mezani, namkabidhi mtoa siri akiwa amefungwa kamba moja na aliowataja.

Mlango ukagongwa mara mbili, Daktari Mlelwa akaingia. Akaona skrini, akageuka haraka akatazama ukuta.

"Usinionyeshe."

"Sikuonyeshi, Daktari."

"Kihwele kanipigia. Ameahidi kwamba ukimpa majina, atapigia kura Mshenga, na wenzake watano wanamfuata." Akavuta pumzi, bado kanipa kisogo. "Ni watu wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Unawajua?"

"Wengine."

Huyu ni mama aliyeniajiri akiwa anajua nimefukuzwa, mama aliyeandika yale maneno ya kijiko ukutani kwa rangi ya mafuta ili yasifutike. Nikamsikia anauliza, taratibu, kama anauliza saa:

"Mimi nimo?"

Nikazima skrini.

"Sanga. Nimo?"

"Daktari," nikasema, "dagaa hao."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akapangusa mikono kwenye sketi wakati haikuwa na kitu. "Umeona ilivyo rahisi?" akasema. "Umeona?" Akatoka bila kugeuka. Hakuwemo, lakini mpaka leo sijamwambia, na mpaka leo ananitazama kwa pembe ya jicho.

Hajafika mbali, Bi. Sikitu akaingia na bakuli la makande. Kila siku ananiletea, eti mtu asiyemaliza shule lazima amalize chakula.

"Ya leo nimeyaponda," akasema. "Kwa ajili ya hilo jino." Akaweka bakuli juu ya mashine, mahali ambapo hairuhusiwi kuweka bakuli. Nilikuwa nimeshazima skrini. Akaitazama ile skrini nyeusi kama inasomeka. "Umeona nini humo ndani, Luteni?"

"Hitilafu tu, mama."

"Hitilafu ina majina?"

Nikachota makande. Moto. Nikameza hivyo hivyo.

"Mama, wewe barua ya jana uliipata?"

Nilitaka tu aseme. Angesema ndiyo ningemwambia na mimi nimo, tungecheka, mimi kwa upande mmoja wa mdomo. Akakunja ncha ya kitambaa cha bakuli, akaikunjua.

"Nitapataje barua niliyopiga mwenyewe," akasema. "Kula."

Akaondoka. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa mtu anayenipondea makande. Kwa nini amenidanganya? Funguo za kabati la mitihani anazo tangu mimi niko darasa la tatu. Siku tatu tunakula pamoja, anataka nini kwangu? Nikakumbuka Jumanne aliniuliza kama mitambo inahifadhi nani kachapisha nini. Niliona ni maongezi. Kisha nikajishika: huyu si Mshenga aliyeingia kichwani mwangu? Umempa mtu jina moja kwenye orodha, basi, hata chumvi yake unaionja mara mbili.

Nikabaki na fomu mkononi. Nikiprinti karatasi, digrii yangu inarudi, na jina langu litakuwa la ishirini na mbili, kwa hiyo digrii itarudi asubuhi na kuondoka jioni. Ningeweza kujifuta mimi peke yangu, nikabakiza ishirini na mbili. Hilo niliwaza, siwafichi. Niliwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Na kama nikikataa, ni kwa sababu ya kanuni ya Daktari, au ni kwa sababu ya shingo yangu? Ukiwa na jina kwenye orodha, hata wema wako unanuka.

Nikasoma fomu tena. *Barua iliyokusudiwa kufika kwa wanachuo na wafanyakazi wote haikuwafikia.* Sahihi, muhuri, tarehe juu ya tarehe.

Haya. Mimi si fundi? Si nimeombwa nitengeneze?

Nikawasha Orodha. Ilichukua muda, kama mzee anayetafuta miwani. Nikaweka barua ile ile ya Msajili, nukta kwa nukta. Mahali pa mpokeaji nikachagua kundi la kwanza kabisa, lile nililolitumia siku ya soksi: *Chuo kizima.*

Nikabonyeza.

Kwa sekunde kama mbili Kitulanda yote ilinyamaza. Nje dirishani niliona uwanja mzima unasimama: mtu mguu juu, mtu na mandazi mdomoni, wote mikono kwenye kola. Kisha ukaja mvumo, kama mvua inayoanzia upande wa mabweni na kutembea juu ya mabati hadi kwetu. Elfu tisa na ushee, pamoja na marehemu Profesa Ngole.

Mashine ikaniuliza: *Hitilafu imerekebishwa?*

Nikajibu ndiyo. Ikafuta daftari lile, yenyewe, kama kanuni inavyotaka. Sikubakiza nakala. Kichwani tu ndiyo siwezi kufuta.

*

Kamati ilikaa saa nane kamili kwenye chumba cha mikutano. Wajumbe saba mezani, Daktari Mlelwa kwenye kiti cha mwenyekiti, Bi. Sikitu pembeni anaandika muhtasari, mimi kwenye kiti cha fundi karibu na mlango, mahali pazuri pa kukimbilia.

Msajili hakunigombeza. Alikuja na faili la njano, akalisukuma mbele yangu kidogo nilione, kisha akalivuta akalikalia. Kweli, alilikalia.

"Fundi wetu amefuta daftari," akawaambia wajumbe. "Kwa fomu yangu mwenyewe. Hongera zake. Nimechekwa na Sanga mara mbili katika maisha, ya soksi na hii." Wachache wakatabasamu. Yeye hakutabasamu. "Lakini ndugu wajumbe, hebu tuulizane. Daftari limefutwa, Mshenga amefutwa? Yupo. Alichokijua jana na leo anakijua. Ninachohitaji ni kumwomba tena."

Ni kweli, na sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimezoa maji nikaacha bomba wazi. Orodha ile inaweza kutengenezwa upya asubuhi yoyote, na yeyote mwenye sahihi na hasira.

"Mzee Kihwele," Daktari Mlelwa akasema, "agenda ni kuchagua chombo, siyo—"

"Ndiyo nawasaidia kuchagua! Muone kinavyofanya kazi. Bi. Sikitu, andika." Akasimama. "Kwa wahusika wote. Yah: Kuvuja kwa Mtihani wa Takwimu, barua ya pili. Mshenga, ukiipeleka, utaje majina hapa hapa mbele ya kamati."

"Majina sina ruhusa kuyataja, Msajili, nisamehe," sauti ikasema kutoka darini. "Idadi naweza."

"Basi taja idadi. Na humu ndani tutaona wenyewe kishikizo cha nani kinapata joto."

Bi. Sikitu vidole vilikuwa juu ya herufi. Hakuandika.

"Andika, mama."

Akaandika. Polepole, neno moja moja, mtu anayepiga maneno mia kwa dakika. Kisha akatazama chini.

"Peleka," Msajili akasema.

Sijawahi kuona watu wazima wanakaa vile. Profesa wa sheria alifunika kola kwa mkono mzima. Aliyekuwa jirani yake akamtazama ule mkono. Yeye akaona anatazamwa, akautoa, halafu akaurudisha. Watu waliojuana miaka ishirini, waliozikana wazazi, walikuwa wanatazamana makoo kama wanunuzi wa ng'ombe. Wote tunangoja shingo ya jirani.

Cha kwangu kikapata joto. Nikaganda.

Kisha profesa wa sheria akaruka kidogo. Jirani yake naye. Daktari Mlelwa akafumba macho. Meza nzima, mmoja baada ya mwingine, na mwisho Msajili mwenyewe akajipiga kiganja kwenye kola kana kwamba ameumwa na siafu.

"Mshenga!" akasema. "Umepeleka kwa wangapi?"

"Kwa wahusika wote, Msajili. Elfu tisa mia moja na sita."

"Jana walikuwa ishirini na watatu!"

"Jana, ndiyo. Lakini tangu saa tano leo chuo kizima kimesoma barua ile, hakiongei kingine. Wamepoteza hamu ya chakula, wanashikashika kola, wanaongea kwa sauti ya chini, hawacheki. Kwa vipimo vyangu, kila mmoja sasa anahusika."

Profesa wa sheria ndiye aliyeanza kucheka, kisha meza nzima, kicheko cha watu waliotoka chini ya lori wakakuta miguu yote ipo. Hata mimi nilicheka, jino likanikumbusha nafasi yangu. Wale ishirini na watatu walikuwa wamezama ndani ya elfu tisa, hawaonekani tena. Mwizi kazama nao, ndiyo, na hilo halinifurahishi. Lakini aliyeweka taarifa kwenye sanduku amezama naye. Na mpishi. Na nambari kumi na nne.

Msajili alikuwa hacheki. Alikaa juu ya faili langu, akaninyooshea kidole tu, bila neno, kwa maana ya kwamba mimi na yeye bado.

"Tupige kura," Daktari Mlelwa akasema, akipangusa macho. "Orodha, au Mshenga. Bi. Sikitu, hesabu mikono, uandike."

Bi. Sikitu hakuandika. Alikuwa amesimama. Nadhani hakuna aliyemwona anasimama, kwa sababu miaka kumi na tisa kwenye chumba kile hakuwahi kusimama isipokuwa kuleta chai.

"Samahani mwenyekiti," akasema.

"Ndiyo mama, kuna tatizo la muhtasari?"

"Leo mmepata wote." Alikuwa amekishika kishikizo chake kwa vidole viwili. "Mimi nilipata jana."

Kicheko kikakatika. Nikatikisa kichwa, mama kaa, mama nyamaza, umeshafichwa, hakuna anayekuona. Aliniona. Akanipa lile tabasamu la makande, akageuka kuitazama dari.

"Nimepiga barua za watu humu ndani mpaka vidole vimepinda," akasema. "Nani kafukuzwa, nani kasamehewa, nani kaandikwa nini nyuma ya mgongo wake. Yangu sijawahi kusomewa. Mzee Kihwele, kaa, sijamaliza. Wewe Mshenga, mwanangu, kanuni zako nilizipiga mimi, mtu akiomba sababu yake unampa. Basi naomba unisomee yangu. Sikioni sitaki. Nisomee kwa sauti, hawa wote wasikie kabla hawajapiga kura."